Husnah Kukundakwe, muogeleaji wa Uganda aliyefika Tokyo akiwa na miaka 14

Husnah Kukundakwe ni muogeleaji wa Uganda aliyezaliwa Kampala mwezi Machi 2007. Mkono wake wa kulia haukuumbika chini ya kiwiko, na kiganja chake cha kushoto nacho kina kasoro ya kuzaliwa. Mwezi Agosti 2021 aliiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo, katika mbio za mita 100 za mtindo wa chura. Wanamichezo waliokusanyika huko walikuwa takriban 4,400 kutoka pembe zote za dunia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na umri mdogo kuliko wake. Miaka mitatu baadaye alikuwa tena kwenye orodha ya Uganda, safari hii mjini Paris. Medali ya Paralimpiki hajaipata. Hata hivyo, safari yake inastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu inaonyesha wazi ni vitu gani vinavyohitajika ili mtoto mwenye ulemavu, mzaliwa wa nchi yenye mabwawa machache ya kuogelea, afike pale.

Utotoni haikuwa rahisi. Shuleni wenzake walimkodolea macho na kumtania, naye akazoea kuvaa sweta hata siku za jua kali ili mikono mirefu ya nguo ifiche kile alichotaniwa nacho. Kwenye maji sweta halivaliwi. Anayeingia bwawani huingia na vazi la kuogelea, kofia na miwani, na mwili wote unaonekana. Ajabu ni kwamba bwawani, pale pasipo na pa kujificha, ndipo binti huyu alipopata utulivu. Alijifunza kuogelea akiwa bado mdogo sana, na muda si mrefu kuchezea maji kukageuka kuwa mazoezi ya kweli. Nyuma yake alikuwapo mama yake, Hashima Batamuriza, ambaye kadiri miaka ilivyokwenda alibeba kazi za watu kadhaa: msindikizaji, mwandishi wa barua za kuomba msaada, na msemaji wa mchezo ambao Waganda wengi walikuwa hawajawahi kuusikia.

Uganda ni nchi ya maji. Robo moja au karibu na hapo ya eneo lake ni maziwa, mito na vinamasi, na Ziwa Victoria liko mlangoni mwa Kampala. Lakini kuishi kando ya ziwa na kujua kuogelea ni mambo mawili tofauti, kama wanavyojua wavuvi wa Victoria, ambao wengi wao huenda kazini kila siku bila kuweza kujiokoa mtumbwi ukipinduka. Kuogelea kama mchezo kunafanyika kwenye mabwawa, na mabwawa ya Kampala kwa sehemu kubwa ni ya hoteli na ya shule za kulipia. Mengi yana urefu wa mita 25 au chini ya hapo. Michezo ya Paralimpiki huogelewa katika bwawa la mita 50, na tofauti hiyo si ya tarakimu tu. Katika bwawa fupi muogeleaji hufika ukutani mara nyingi, na kila anapogeuka hujisukuma kwa miguu na kupata mwendo wa bure. Katika bwawa refu msukumo huo hupungua kwa zaidi ya nusu, na mikono na mapafu ndiyo hulipa.

Hapa yafaa kueleza kinachotokea mtu asiye na mkono wa chini anapoogelea. Katika mtindo huru, ule wa kupiga mikono kwa zamu, sehemu ya mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole hufanya kazi ya kasia: inashika maji na kuyasukuma nyuma. Sehemu hiyo ikikosekana upande mmoja, mwili hupata msukumo mkubwa upande mmoja na mdogo upande mwingine, na muogeleaji huelekea kwenda mshazari kuifuata kamba inayotenganisha njia. Dawa yake ni miguu na kiwiliwili. Miguu hupiga kwa nguvu zaidi na kwa mpangilio ulio sawasawa, tumbo na mgongo hukazwa ili mwili usiyumbe, na mkono mfupi, badala ya kuachwa ukifuata tu, huzungushwa kwa kasi ileile ya mkono mrefu ili mdundo usivunjike. Hakuna kiungo bandia kinachoruhusiwa majini wakati wa mashindano. Anayetembea kwa mguu wa bandia huuvua na kuuacha kando ya bwawa.

Mtindo wa chura una mantiki yake. Mikono miwili hukunjuka pamoja mbele ya kifua, miguu miwili hujikunja na kufyatuka pamoja, na msukumo mkubwa hutoka miguuni kuliko katika mitindo mingine yote. Kwa mtu mwenye miguu kamili na mkono pungufu, mtindo huu unampa nafasi nzuri. Ndiyo maana haishangazi kwamba mbio za Kukundakwe mjini Tokyo zilikuwa za chura. Sheria nayo imefikiria hali yake. Katika mashindano ya kawaida muogeleaji wa chura lazima aguse ukuta kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja, la sivyo anaondolewa. Kwa mwenye mikono isiyolingana, kanuni za kuogelea kwa watu wenye ulemavu zinasema mkono mrefu peke yake ndio unaolazimika kugusa, mradi yote miwili inyooshwe mbele kwa pamoja. Asiye na mikono kabisa hugusa kwa kichwa au bega. Mchina Zheng Tao, aliyepoteza mikono yote miwili utotoni na kushinda medali nne za dhahabu mjini Tokyo, huanza mbio za chali akiwa ameuma taulo lililoshikwa na msaidizi juu ya ukingo, maana hana cha kushikia chuma cha kuanzia, na humaliza kwa kupiga ukuta kwa utosi.

Swali gumu kuliko yote kwa Kukundakwe halikuwa namna ya kuogelea. Lilikuwa ashindane na nani. Kwenye mashindano ya vilabu vya Kampala alishindana na watoto wasio na ulemavu, kwa kuwa wengine hawakuwapo, na kwa muda mrefu alikuwa Mganda pekee mwenye uainishaji wa kimataifa katika kuogelea kwa watu wenye ulemavu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kufanya mazoezi miaka mingi bila kujua kama ana kasi au hana. Akiwa wa mwisho katika mbio za watoto wenye mikono miwili, matokeo hayo hayamwambii chochote kuhusu uwezo wake.

Uainishaji ndio moyo wa michezo hii, na pia ndio chanzo cha ugomvi wake mwingi. Katika kuogelea, herufi S hutumika kwa mtindo huru, chali na kipepeo, SB kwa chura, na SM kwa mbio za mchanganyiko wa mitindo. Nambari inayofuata inaeleza ukubwa wa athari ya ulemavu majini. Kuanzia 1 hadi 10 ni ulemavu wa viungo, 11 hadi 13 ni wa macho, na 14 ni wa akili. Kwa viungo, nambari ikiwa ndogo athari ni kubwa: muogeleaji wa S1 husogea kwa shida sana, na wa S10 ana upungufu mdogo, kama wa kukosa kiganja kimoja. Chura ina madaraja tisa tu ya ulemavu wa viungo, na mtu mmoja anaweza kuwa na nambari moja kwenye S na nyingine kwenye SB, kwa kuwa kazi ya miguu na mikono hubadilika kulingana na mtindo. Kukundakwe aliogelea Tokyo katika daraja la SB8.

Nambari hiyo haitolewi na kocha wala daktari wa familia. Hutolewa na jopo la waainishaji waliofunzwa, ambao hukutana na mwanamichezo kabla ya mashindano makubwa. Kwanza humpima nchi kavu, wakiangalia nguvu za misuli, mzunguko wa viungo na urefu wa kila kipande cha mkono na mguu. Kisha humwingiza majini na kumwona akiogelea, akielea, akijitosa na akigeuka. Baada ya hapo humtazama tena akiwa katikati ya mbio zenyewe, kwa sababu watu wengine huogelea polepole wakijua wanapimwa. Pamoja na nambari, muogeleaji hupewa alama ndogo za herufi na tarakimu zinazomwambia mwamuzi nini kinaruhusiwa kwake: nani ataanza akiwa ndani ya maji, nani atagusa kwa mkono mmoja, nani lazima avae miwani myeusi isiyopitisha mwanga, na nani atagongwa kichwani au mgongoni kwa fimbo yenye sifongo ili ajue ukuta umekaribia. Mtoto anayekua hurudishwa mbele ya jopo mara kwa mara, maana mwili unabadilika.

Kwa familia ya Kampala, maana ya haya yote ni tiketi za ndege. Bila kwenda mahali jopo lilipo, hakuna nambari. Bila nambari, muda alioogelea mtoto hauhesabiki popote nje ya nchi yake. Wazazi wa watoto wenye vipaji Ulaya wanaweza kupanda gari moshi asubuhi na kurudi jioni na karatasi ya uainishaji mkononi. Mama wa Kampala anahitaji viza, nauli ya watu wawili au watatu na gharama za hoteli kabla hata mtoto hajalowa maji. Mwandishi yeyote anayetaka kujua kwa nini nchi nyingi za Afrika zina wakimbiaji wenye ulemavu wengi na waogeleaji wachache aanzie hapa.

Michezo ya Paralimpiki yenyewe ilianzia hospitalini. Mwaka 1948, siku London ilipofungua Michezo ya Olimpiki, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi, aliwashindanisha kwa upinde na mishale wagonjwa 16 wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Mwaka 1960 mashindano hayo yalifanyika Roma, na ndiyo yanayohesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Kuogelea kulikuwamo tangu siku hiyo. Sababu ya kitabibu inaeleweka: maji hubeba uzito wa mwili, na mtu asiyeweza kusimama huweza kujisogeza. Waliokatwa viungo na wasioona walikaribishwa mwaka 1976, Toronto. Zamani kila aina ya ulemavu ilikuwa na mbio zake. Tangu Barcelona 1992, kuogelea kulifuata mfumo wa kuangalia kile mwili unachoweza kufanya majini, bila kujali sababu ya ulemavu. Ndiyo maana leo aliyezaliwa bila mkono wa chini anaweza kupangwa njia moja kando ya njia ya mwenye ugonjwa wa misuli.

Afrika Mashariki iliingia kwa milango isiyotarajiwa. Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1972 huko Heidelberg, na miaka minne baadaye Mganda asiyeona, Tofiri Kibuuka, alishindana katika kuteleza kwenye theluji mjini Örnsköldsvik, Sweden, katika Paralimpiki ya kwanza kabisa ya majira ya baridi. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Rwanda, nayo, ilipojitokeza kwa mara ya kwanza Sydney 2000, mwanamichezo wake pekee alikuwa muogeleaji, César Rwagasana. Kongo ilisubiri hadi London 2012 na kupeleka watu wawili, wote wa riadha. Ukiacha Afrika Kusini na nchi za kaskazini, bwawa limebaki kuwa uwanja wa wageni kwa Waafrika wengi wenye ulemavu. Afrika Kusini ndiyo iliyomtoa Natalie du Toit, aliyekatwa mguu wa kushoto baada ya ajali ya pikipiki mwaka 2001 na kushinda medali 13 za dhahabu za Paralimpiki. Mwaka 2008 aliogelea pia katika Olimpiki ya Beijing, kilomita 10 za maji ya wazi, akamaliza wa 16 kati ya wanawake wasio na ulemavu.

Kwa Kukundakwe, dunia ilifunguka London mwezi Septemba 2019. Mashindano ya dunia ya mwaka huo yalipangwa kufanyika Malaysia, lakini nchi hiyo ilipokataa kuwaruhusu waogeleaji wa Israeli kuingia, ikanyang'anywa uenyeji, na mashindano yakahamishiwa kwenye bwawa lililojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012. Binti wa miaka 12 aliyekuwa amezoea kuwa peke yake alijikuta katikati ya mamia ya watu wenye mikono mifupi, miguu ya bandia na viti vya magurudumu, ambao hapo hakuna aliyewakodolea macho. Kimichezo faida ilikuwa kubwa vilevile. Sasa alikuwa na kipimo: aliwaona wanawake wa daraja lake, na pengo lililokuwapo kati yake na wao lilikuwa kitu kinachoweza kupimwa kwa sekunde.

Halafu ikaja korona. Uganda ilifunga shule mwezi Machi 2020, na shule hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 2022, kufungwa kwa muda mrefu kuliko karibu nchi nyingine yoyote duniani. Sehemu za michezo nazo zilifungwa. Mkimbiaji anaweza kuamka alfajiri na kukimbia barabara ya kijijini hata nchi ikiwa imefungwa, lakini muogeleaji bila maji hana mbadala. Mazoezi ya nchi kavu, kuruka kamba, kunyoosha viungo na kuvuta mpira wa mazoezi, hulinda misuli kwa kiasi fulani, lakini ule uwezo wa kuhisi maji mkononi hupotea haraka. Tokyo iliahirishwa kwa mwaka mmoja, na kwa mtoto anayekua mwaka huo haukuwa hasara yote: angekwenda akiwa na miaka 13, akaenda akiwa na 14, akiwa mrefu na mwenye nguvu zaidi. Hata hivyo, amri nyingine ya kufunga nchi, ya siku 42, ilitangazwa Kampala Juni 18, 2021, ikaisha mwishoni mwa Julai, na michezo ikafunguliwa Tokyo Agosti 24.

Timu ya Uganda ilikuwa ndogo. Majuma machache kabla, Waganda walikuwa wamesherehekea dhahabu za Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai katika Olimpiki ya mji huohuo, kwa hiyo macho ya wengi yalikuwa kwa wakimbiaji. Na kweli, mkimbiaji David Emong, aliyekuwa na medali ya fedha ya mita 1,500 kutoka Rio 2016, aliongeza ya shaba. Lakini magazeti ya nje yalimtafuta msichana wa bwawani. Umri wake ulikuwa habari tosha, ingawa katika kuogelea umri huo si wa kushangaza sana kwa wanaoufahamu mchezo: Mmarekani Jessica Long alishinda dhahabu tatu Athens 2004 akiwa na miaka 12. Tofauti ni kwamba nyuma ya Long kulikuwa na mfumo mzima wa vilabu, na nyuma ya Kukundakwe kulikuwa na familia, kocha na wafadhili wa kubahatisha.

Mbio zake ziliogelewa Agosti 26 katika ukumbi usio na watazamaji wa kawaida, kama michezo yote ya Tokyo. Mita 100 za chura ni kwenda na kurudi mara moja katika bwawa la mita 50, na mzunguko mmoja tu wa kugeuka ukutani. Hakuvuka mchujo kuingia fainali. Jioni hiyo dhahabu ya SB8 ilichukuliwa na Ellen Keane wa Ireland, aliyezaliwa bila mkono wa chini upande wa kushoto, mbele ya Sophie Pascoe wa New Zealand na Mrusi mmoja. Keane alikuwa na miaka 26. Alishiriki Paralimpiki yake ya kwanza Beijing 2008 akiwa na miaka 13, na bado alihitaji London na Rio, ambako alipata shaba, kabla ya kufika kileleni. Amewahi kueleza hadharani jinsi alivyotumia miaka ya ujana kuficha mkono wake ndani ya mikono mirefu ya nguo. Dublin na Kampala ni mbali, lakini wanawake hao wawili walijificha kwa namna ileile na kujionyesha kwa namna ileile, katika mbio zilezile.

Kushiriki kwake kulifanya kazi nyumbani ambayo medali peke yake isingeifanya. Waganda walioona picha zake walijua kwa mara ya kwanza kwamba mchezo huu upo, na wazazi waliokuwa wakiwafungia ndani watoto wenye ulemavu walikuwa na mtu wa kumtazama. Yeye na mama yake wamekuwa wakihimiza watoto wengine wenye ulemavu waletwe bwawani na mashindano yao yafanyike ndani ya nchi. Kazi hiyo ina faida kwake pia. Muogeleaji anayeshindana na saa peke yake mwaka mzima hufika mashindanoni bila kujua afanye nini mtu wa njia ya pili anapompita katika mita 70.

Paris ilimpokea mwaka 2024 akiwa na miaka 17. Kuogelea kulifanyika katika ukumbi wa La Défense Arena, nje kidogo ya jiji, uwanja wa raga ambamo bwawa la muda lilifungwa kwa ajili ya Olimpiki na Paralimpiki. Tofauti na Tokyo, majukwaa yalijaa. Hakuwa tena mtoto wa michezo. Alikuwa mwanamichezo aliyekwishazoea vyumba vya kuitia majina, mahali ambapo waogeleaji hukaa kimya kwenye viti kwa dakika kadhaa kabla ya kutoka, kila mmoja akiwa na koti lake na vipokea sauti masikioni. Ushindani nao ulikuwa umeongezeka. Nchi kama China, Brazili, Italia na Uingereza zinawekeza katika kuogelea kwa watu wenye ulemavu kama zinavyowekeza katika Olimpiki, na muda uliotosha kuingia fainali miaka kumi iliyopita leo huenda usitoshe.

Msomaji wa Likasi, huko Katanga nchini Kongo, anaweza kuuliza yote haya yanamhusu vipi mtoto wa kwao. Chukua mfano wa Ziwa Tshangalele la huko. Halikuwapo kabla ya wakoloni wa Kibelgiji kuuzuia mto Lufira pale Mwadingusha, miaka ya 1920, ili umeme uende kwenye migodi na viwanda vya shaba vya Katanga. Mtambo ulianza kazi mwaka 1930, na bonde lililofurika likawa ziwa la wavuvi, lenye vijiji kuanzia Kapolowe na kuendelea. Watoto wa huko huingia majini mapema kuliko watoto wa mjini. Lakini ziwa halina ukuta wa kugeukia wala njia iliyopimwa, na maji yake yana mambo yake: watafiti wamekuta metali za migodini ndani ya samaki wake, na maji yaliyotulia ya namna hiyo ndiyo yanayopendwa na konokono wa kichocho. Mtoto wa Tshangalele asiye na mkono anaweza kuwa na nguvu za miguu kuliko mtoto yeyote wa Kampala, na asijulikane, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpima kwenye mita 50 wala kumfikisha mbele ya jopo. Kinachomtenganisha na Tokyo ni bwawa, kocha anayejua kanuni za mikono isiyolingana, na shirikisho linaloandikisha jina lake. Mambo hayo matatu Uganda nayo ilikuwa nayo kwa shida.

Kukundakwe atakuwa na miaka 21 Paralimpiki itakapofunguliwa Los Angeles Agosti 2028. Ili aende, njia ni ileile kwa waogeleaji wote. Nafasi nyingi hugawiwa nchi kulingana na matokeo ya mashindano ya dunia na viwango vya muda, na chache hutolewa kwa mwaliko, ambao mara nyingi ndio mlango wa nchi zenye waogeleaji wachache. Kila muogeleaji lazima awe ameogelea chini ya kiwango cha muda kilichowekwa kwa daraja lake, na muda huo huhesabika tu ukipatikana katika mashindano yaliyotambuliwa na shirikisho la dunia, yenye waamuzi na saa za kielektroniki zilizokubaliwa. Mengi ya mashindano hayo hufanyika Ulaya, Asia na bara la Amerika. Kwa hiyo kati ya sasa na 2028, kando ya maelfu ya mita za kila juma bwawani, sehemu ya kazi ya muogeleaji huyu na mama yake itaendelea kuwa ileile ya tangu mwanzo: kutafuta nauli.